Pilipili ya chupa kutoka jiko la uani: uchambuzi wa kisa cha Msaranga, Moshi

Kisa hiki kimeunganishwa kutokana na hali zinazojirudia katika majiko ya Moshi na Arusha. Hakimhusu mtu mmoja. Mama tunayemzungumzia anaishi Msaranga, Manispaa ya Moshi. Amepanga vyumba viwili katika nyumba yenye wapangaji wanne na choo kimoja cha pamoja. Alfajiri anakaanga maandazi 50, siku sita kwa wiki, anawauzia majirani na mafundi wa gereji kwa shilingi 200 andazi moja. Mwaka jana aliongeza pilipili ya chupa: nyanya, pilipili mbuzi, karoti, vitunguu na saumu. Hizo huuza chupa 30 kwa wiki, shilingi 3,000 kila moja.

Ndani ya mwezi mmoja yalimfika mambo matatu. Mwenye minimaketi mjini alimwagiza chupa 48 za kuanzia, kwa sharti kwamba ziwe na nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na biashara iwe na TIN, yaani namba ya mlipakodi. Chupa tano kati ya kumi na mbili alizotuma Arusha kwa basi zilirudi vifuniko vikiwa vimevimba. Kisha afisa afya wa kata akapita, akaona tenga la nyanya limeegemea kitanda cha mtoto, akamuuliza: "Mama, hapa unapikia familia au unapikia watu?"

Swali la afisa afya ndilo la kuanza nalo, maana ndilo linaloamua mengine yote.

Hakuna sheria ya "chakula cha nyumbani"

Wengi hutafuta maelezo mtandaoni na kukutana na ya Marekani. Kule majimbo mengi yana sheria maalumu zinazomruhusu mtu kuuza alichopika katika jiko la nyumbani, kwa orodha ya vyakula visivyoharibika upesi kama mkate, biskuti na jemu. California ilianza kutumia ya kwake Januari 2013. Tanzania haina orodha ya namna hiyo. Anayesema "keki inaruhusiwa nyumbani, sosi hairuhusiwi" kwa kuinukuu orodha ya huko anampotosha mwenzake.

Hapa Tanzania mpishi anaguswa na sheria kadhaa kwa wakati mmoja. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa afya wa halmashauri mamlaka ya kuingia, kukagua na kufunga jengo la chakula lisilo salama. Sheria ya Viwango ya mwaka huohuo ndiyo inayosimamia TBS. Kuna pia Sheria ya Leseni za Biashara, sheria za kodi, na Sheria ya Vipimo. Jambo moja linawachanganya hata watu waliofanya biashara hii muda mrefu: hadi katikati ya mwaka 2019 usajili wa chakula na majengo yake ulikuwa wa TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Kuanzia Julai 2019 kazi hiyo ilihamia TBS, na TFDA ikawa TMDA, ambayo sasa inashughulika na dawa na vifaa tiba. Ukiambiwa leo "nenda TFDA ukasajili achari yako", umeelekezwa mlango uliokwishafungwa.

Kwa hiyo mama wa Msaranga anaweza kuuza kihalali kutoka nyumbani? Jibu linategemea chakula kinakaa muda gani kabla ya kuliwa na kinasafiri umbali gani. Kama kilipikwa nyumbani au mjini, hilo linakuja baadaye. Maandazi yanaliwa asubuhi ileile na watu wanaomjua mpishi. Yakiwa na kasoro, mpishi anajulikana na anapatikana kabla ya saa sita mchana. Pilipili inafungwa, inabandikwa lebo, inakaa rafu kwa miezi, inaliwa na mtu wa Sakina au Ngaramtoni kule Arusha asiyemfahamu mpishi hata kwa sura. Maandazi yanamalizana na afisa afya na halmashauri. Pilipili inahitaji hao pamoja na TBS. Bidhaa mbili za mikono ileile, njia mbili tofauti. Ushauri wowote unaozichanganya utamchelewesha katika zote mbili.

Kwa nini vifuniko vilivimba

Tunaanza na chupa kabla ya karatasi. Mama akikimbilia usajili akiwa na pilipili inayochacha, sampuli itaanguka maabara na atakuwa amepoteza miezi.

Kuna waliomwambia kwamba chupa zilivimba kwa sababu Arusha iko juu. Ni kweli kwamba Arusha iko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari na Moshi haifiki mita 900, na hewa ya juu ni nyepesi kidogo. Lakini tofauti hiyo ndogo haifanyi pilipili itoe povu. Chupa hizi zilipofunguliwa zilifoka na kunuka chachu, na hiyo ni dalili ya vijidudu vilivyo hai ndani vikila sukari na kutoa gesi.

Resipe yake ilikuwa hivi: nyanya kilo 7, pilipili mbuzi gramu 800, karoti kilo 1, vitunguu maji gramu 700, saumu gramu 250, chumvi gramu 200, mafuta nusu lita na siki mililita 400. Mwanzoni alikuwa akiweka siki lita 1.2. Wateja walipolalamika kwamba ni kali mno mdomoni, akaipunguza, na hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Siki ya asilimia 5 kwa kiasi cha mililita 400 inaleta kama gramu 20 tu za asidi katika sufuria ya zaidi ya kilo 10. Karoti, vitunguu na saumu si vyakula vichachu, navyo vinapandisha pH ya nyanya, yaani kipimo cha uchachu: namba ikipanda, uchachu umepungua. Pilipili yake ilipopimwa ilisoma 4.8.

Namba ya kukumbuka ni 4.6. Bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambaye mbegu zake hukaa kwenye udongo na hivyo hupatikana kwenye saumu, karoti na vitunguu, hawezi kukua wala kutoa sumu yake katika chakula chenye pH ya 4.6 au chini. Juu ya hapo, ndani ya chupa iliyofungwa isiyo na hewa, anaweza. Sumu yake hupoozesha misuli, na chakula chenye sumu hiyo si lazima kinuke wala kivimbe. Saumu iliyozamishwa kwenye mafuta na kuachwa kabatini ni hatari kwa sababu hiyohiyo. Chupa tano zilizovimba zinatia hasira, lakini saba ambazo hazikuvimba ndizo za kuogopa zaidi, maana zilipikwa katika sufuria hiyohiyo. Zote zilipaswa kurudishwa na kutupwa. Kuzichemsha upya na kuziuza tena ni kosa.

Marekebisho ni haya. Siki irudi lita 1.2, na iwe ile ambayo asilimia ya asidi imeandikwa kwenye chupa. Siki isiyoandikwa asilimia isiingie jikoni. Ukali wa siki utulizwe kwa sukari gramu 200, jambo ambalo halipandishi pH. Mafuta yapunguzwe hadi mililita 100, kwa kuwa vipande vilivyofunikwa na mafuta havifikiwi na asidi vizuri. Siki iingie dakika kumi za mwisho, isiwekwe mwanzoni, kwa sababu sehemu yake hupotea na mvuke. Ndimu si mbadala wa siki hadi ipimwe, kwani uchachu wake hubadilika msimu kwa msimu.

Kupima pH kwa karatasi za rangi hakufai hapa, maana wekundu wa pilipili unaficha rangi ya karatasi. Kinatakiwa kipimo cha umeme cha mkononi, kinachosahihishwa kabla ya kazi kwa vimiminika viwili maalumu, cha pH 4 na cha pH 7. Sampuli ipimwe siku inayofuata, saa 24 baada ya kujaza, ikiwa imesagwa tena na kupoa, kwa sababu asidi huchukua muda kuingia ndani ya vipande. Lengo liwe 4.0 au chini, ili hata siku nyanya zikiwa tofauti bado kuna nafasi kabla ya kufika 4.6.

Joto la kujazia lilikuwa kosa la pili. Alikuwa akiiacha pilipili ipoe ndipo ajaze, kwa sababu chupa za plastiki zilikuwa zinajikunja. Zilijikunja kwa haki: plastiki ya chupa za maji hulegea ikikutana na kitu cha moto. Suluhisho ni chupa ya kioo yenye kifuniko kipya, iliyooshwa na kuchemshwa dakika 10, ikajazwa ingali ya moto na pilipili yenye digrii 85 au zaidi, ikafungwa mara moja na kulazwa kichwa chini dakika tatu ili joto liguse kifuniko. Ikipoa, kifuniko cha bati huvutwa kidogo ndani. Kisichovutwa, chupa hiyo isiuzwe. Kipimajoto ni lazima, macho hayatoshi. Kumbuka pia kwamba kwa Moshi maji huchemka karibu digrii 97, na Arusha karibu 95, kwa hiyo anayesubiri kipimajoto kisome 100 atasubiri hadi sufuria iungue.

Chupa zilizotumika, hasa za pombe na za dawa, ziachwe kabisa. Harufu hubaki kwenye plastiki, mdomo wa chupa huwa umemeguka, na hakuna mkaguzi atakayezipitisha.

Kuhusu kihifadhi: benzoeti ya sodiamu inaruhusiwa kwenye sosi kwa kiwango kisichozidi gramu 1 kwa kila kilo, kwa mujibu wa viwango vya kimataifa vya Codex. Sufuria yake ikikauka hadi kilo 9, kikomo ni gramu 9, na nusu yake inatosha ikiwa pH iko sawa. Ipimwe kwa mizani ndogo inayosoma sehemu ya gramu, iyeyushwe kwenye maji ya vuguvugu, na itajwe kwenye lebo. Kukadiria kwa kijiko ndiko kunakofanya sampuli zianguke. Tena kihifadhi hiki hufanya kazi ndani ya asidi tu. Anayekitumia kuokoa pilipili yenye pH 4.8 anajidanganya.

Kilo 9 zikijazwa gramu 250 kila chupa hutoa chupa 36 kwa hesabu na kama 34 kwa kweli, kwa kuwa nyingine hubaki kwenye sufuria na mashine. Tatu zibaki rafuni kwake kama kumbukumbu ya bechi hiyo (mpiko wa sufuria moja) hadi tarehe yake ya mwisho ipite. Zinazobaki 31 ndizo za kuuza.

Chumba

Afisa afya hakukataa kwamba ni nyumbani. Alichokataa ni chumba kimoja kuwa cha kulala, cha kupikia na stoo. Hapa ndipo maombi mengi ya wajasiriamali yanapokwama, na wanaokwama husema "TBS wanataka kiwanda". Kinachotakiwa ni chumba chenye mlango wake na kazi moja.

Uani kwao kulikuwa na jiko la nje la matofali, mita 3 kwa 3.5, ambalo wapangaji walilitumia kuweka kuni. Hilo linatosha kwa sufuria ya kilo 10. Sakafu iwe ya saruji isiyo na nyufa, yenye mteremko kuelekea tundu la maji lenye kichujio. Kuta zipigwe lipu laini na kuwekwa vigae au rangi ya mafuta hadi kimo cha mita 1.5 angalau, ili zifutike. Dari iwepo, maana bati tupu hudondosha matone ya mvuke na vumbi kwenye sufuria. Madirisha yawekwe nyavu, na mlango uwe wa kujifunga wenyewe. Meza iwe ya bati lisiloshika kutu. Mbao hunywa juisi ya nyanya na haikauki. Taa iliyo juu ya meza iwe na kifuniko, ili ikipasuka vipande visiangukie chakula.

Maji ya bomba ya MUWSA, mamlaka ya maji ya Moshi, yalikuwa uani, si ndani ya jiko. Hilo linatatuliwa kwa kuingiza bomba moja. Kwa kuanzia, sinki mbili za kuoshea na sehemu ya peke yake ya kunawia mikono yenye sabuni, hata kama ni ndoo yenye koki kwenye kigoda, huwa zinakubalika kirahisi kuliko sinki moja inayofanya kila kitu. Nyanya ziingie upande mmoja na chupa zilizojaa zitokee upande mwingine, zisipishane. Gunia la chumvi na sukari lisikae sakafuni, liwe juu ya chaga, sentimita 15 kutoka chini, liachane na ukuta ili panya wasipate njia ya kujificha. Mtungi wa gesi ukae nje, na mpira wake upite ukutani. Mkaa unawezekana, lakini masizi na majivu yake ndani ya chumba cha kujazia chupa ni ugomvi usio na mwisho.

Choo cha pamoja hakikuzuia, kwa sababu kiko mbali na mlango wake hautazami jiko. Kilichohitajika ni maji na sabuni karibu nacho, na mpishi abadilishe ndala kabla ya kurudi ndani.

Mama mwenyewe na binti anayemsaidia kumenya saumu wapime afya, na warudie kila baada ya miezi sita. Watu husahau msaidizi. Kila anayegusa chakula anahesabika, hata wa siku moja kwa wiki. Vyeti vikae jikoni, si kwenye begi la nguo chumbani.

Jambo moja la busara ambalo halimo kwenye fomu yoyote: mwite afisa afya kabla ya kumwaga saruji. Sehemu ya kazi za TBS katika majengo madogo ya chakula imekasimiwa kwa halmashauri, hivyo yeye ndiye atakayekuja kukagua. Kumwonyesha mchoro kwenye karatasi ya daftari, "bibi afya, nataka kuweka sinki hapa na mlango hapa," kunaepusha kubomoa.

Mpangilio wa karatasi

Kosa lake la kwanza lilikuwa kuchapisha stika 1,000 kabla ya kitu kingine chochote. Alipoingia kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, jina lilikuwa limeshachukuliwa. Stika zote zikawa takataka.

Jina la biashara linasajiliwa mtandaoni kwa namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), kwa ada ya shilingi 15,000 ya usajili na 5,000 ya mwaka. Jina la biashara halilindi jina la bidhaa. Anayetaka pilipili yake isiigwe jina husajili alama ya biashara, ambayo ni ombi jingine. Kwa chupa 30 kwa wiki hilo linaweza kusubiri.

TIN haina ada. Lakini TRA, mamlaka ya mapato, wataulizia mkataba wa pango wa eneo la biashara, na hapa wapangaji wengi hushtuka. Jiko la uani alikodishiwa kwa shilingi 50,000 kwa mwezi, yaani 600,000 kwa mwaka. Kodi ya zuio ya pango ni asilimia 10, shilingi 60,000, na ushuru wa stempu ni asilimia 1, shilingi 6,000. Zuio ni kodi ya mwenye nyumba, ila mpangaji ndiye anayeikata kwenye kodi ya pango na kuipeleka. Asipoizungumza siku ya kuandikiana, mwenye nyumba atadai 50,000 kamili na mama atalipa mara mbili. Iandikwe wazi kwenye mkataba nani anabeba, pamoja na ruhusa ya kupika kwa biashara.

Baada ya TIN ndipo leseni ya biashara ya halmashauri, inayoombwa kupitia mfumo wa TAUSI. Aliyekuwa na maandazi peke yake angeweza kuwa kwenye kundi la wafanyabiashara wadogo wenye vitambulisho, vile vilivyoanza kutolewa Desemba 2018 kwa shilingi 20,000 kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Hesabu inaonyesha kwa nini yeye ametoka huko. Maandazi: 300 kwa wiki kwa shilingi 200 ni 60,000, kwa mwaka 3,120,000. Pilipili: chupa 30 kwa 3,000 ni 90,000 kwa wiki, kwa mwaka 4,680,000. Jumla 7,800,000.

Watu hukosea hapa kwa kuhesabu faida. Kikomo kinapimwa kwa mauzo, na bidhaa zote za mtu mmoja hujumlishwa. Kwa jedwali la makadirio ya wafanyabiashara wadogo, mauzo kati ya milioni 7 na 11 hulipiwa shilingi 250,000 kwa mwaka kama hakuna kumbukumbu. Zikiwepo, ni shilingi 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Kwake yeye kinachozidi ni 800,000, na asilimia 3 yake ni 24,000, kwa hiyo kodi ni 114,000. Daftari la mauzo la kila siku, lenye risiti za manunuzi zilizobandikwa nyuma, limemwokolea shilingi 136,000. Kodi hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Viwango hivi hubadilishwa na Bunge kwenye bajeti ya Juni, hivyo vithibitishwe mwaka wenyewe unapofika.

Mizani ya kupimia uzito wa chupa ipelekwe Wakala wa Vipimo ihakikiwe na kubandikwa stika, na irudiwe kila mwaka. Mizani ya jikoni ya bei rahisi mara nyingi haipiti.

SIDO, kisha TBS

Mjasiriamali mdogo hapigi hodi TBS mikono mitupu. Huanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, ambalo lina ofisi Moshi, kwa mafunzo ya usindikaji na barua ya utambulisho. Barua hiyo ina thamani ya fedha: kwa utaratibu wa serikali, gharama za TBS za kupata alama ya ubora kwa wajasiriamali wadogo wanaopitia SIDO hubebwa na serikali kwa miaka mitatu ya mwanzo. Wapo wanaolipa "madalali wa TBS" kwa jambo ambalo wangelipata kwa barua ya ukurasa mmoja.

Ofisi ya TBS ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha. Ombi huambatana na jina la biashara, TIN, mchoro wa jengo, vyeti vya afya, maelezo ya hatua za uzalishaji na nakala ya lebo inayopendekezwa. Mkaguzi anakuja, anatazama jiko likiwa kazini, anachukua sampuli na kuifunga kwa lakiri. Usimwandalie sufuria ya sikukuu. Majibu ya maabara yanahusu resipe hiyohiyo na namna hiyohiyo ya kuipika. Ukipitishwa na siki lita 1.2 kisha ukarudi 400 kwa sababu mteja mmoja amekunja uso, unachouza si kile kilichopimwa.

Chupa 48 za minimaketi zinangoja hadi leseni ya alama itoke. Kuweka nembo ya TBS kwa sababu "ombi liko njiani" ni kutumia alama usiyopewa. Ni kosa kisheria, na mwenye duka naye anaingia matatani. Mama alimwandikia mwenye duka ujumbe wenye tarehe ya ombi na bei iliyokubaliwa, akaendelea na maandazi.

Msimbo wa mistari, ule unaoanza na 620 kwa Tanzania, huombwa na maduka kwa ajili ya mashine zao. Hauthibitishi ubora wala hauchukui nafasi ya TBS.

Lebo

Iwe na jina la chakula ("Pilipili ya kusaga yenye nyanya", si jina la kupendeza peke yake), viambato kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo pamoja na kihifadhi, uzito halisi kwa gramu, jina na anuani ya mzalishaji, "Imetengenezwa Tanzania", namba ya bechi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na namna ya kuhifadhi: "Ikifunguliwa iwekwe kwenye friji." Stika ya kwanza ya mama iliandikwa "haina kemikali" na "husaidia presha". La kwanza ni uongo ikiwa kuna benzoeti. La pili ni dai la tiba, na chakula hakiruhusiwi kujitangaza kama dawa.

Tarehe ya mwisho isinakiliwe kutoka chupa ya kampuni kubwa. Zile chupa tatu za kila bechi ndizo zinazosema: moja ifunguliwe mwezi wa tatu, nyingine wa sita, zitazamwe rangi, zinuswe, zipimwe pH. Kwa kuanzia aandike miezi mitatu, na aongeze kadiri ushahidi unavyomruhusu.

Kuhusu maandazi, yeye alikuwa akiyafunga kwenye gazeti. Wino wa gazeti huingia kwenye mafuta ya moto, kwa hiyo karatasi za khaki zisizochapishwa ndizo za kutumia. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, wala isionekane kaunta. Maandazi ya moto yasifungiwe kwenye ndoo isiyopumua, maana mvuke huyalowesha na jioni yanaanza kuota ukungu.

Wateja wake walianza kumwomba na mtindi. Hiyo asiichukue kwa karatasi hizi. Maziwa yana Bodi ya Maziwa na sheria yake ya mwaka 2004, yanahitaji ubaridi usiokatika, na hayafai kukaa chumba kimoja na saumu. Mbege nayo iko chini ya leseni za vileo.

Kinachobaki ni daftari la bechi, mstari mmoja kwa kila sufuria: tarehe, namba ya bechi, kilo zilizoingia, siki iliyowekwa, joto la kujazia, pH ya siku ya pili, idadi ya chupa, na zimeenda wapi kwa majina ya maduka na namba zao za simu. Siku kifuniko kikivimba tena, iwe Moshi au Arusha, atafungua daftari, atasoma bechi kwenye chupa, atapiga simu kwa maduka yaliyochukua bechi hiyo peke yake, na zitakazorudi zitamwagwa, zihesabiwe na kuandikwa kwenye mstari huohuo.